Maswali ya Wasomaji: Utafiti wa aljebra ya kompyuta ukiwa Njoro, Maseno au Kakamega

Toleo hili tunajibu barua kuhusu utafiti wa hesabu za kialama na kialjebra, yaani kazi ya kuiwezesha kompyuta kukokotoa kwa herufi na namba kamili badala ya desimali za kukadiria. Barua tumezifupisha.

Nasoma hisabati na napenda pia kuandika programu. Mhadhiri wetu alitaja utafiti wa kompyuta kufanya aljebra. Lakini programu kama Maple, Mathematica na SymPy si tayari zinafanya hayo yote? Mtafiti anabaki na kazi gani?
*Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Njoro*

Anabaki na kazi nyingi, na njia nzuri ya kuiona ni kuchukua hesabu moja ndogo. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika (KKS) cha polinomia hizi mbili:

x⁸ + x⁶ − 3x⁴ − 3x³ + 8x² + 2x − 5

3x⁶ + 5x⁴ − 4x² − 9x + 21

Mfano huu ulifanywa maarufu na Donald Knuth. Unatumia njia ya Euclid: gawanya, chukua baki, gawanya tena. Ili sehemu zisijitokeze, kabla ya kila mgawanyo unazidisha polinomia inayogawanywa kwa namba ya mbele ya ile inayogawanya, ukiwa umeipandisha kipeo cha kutosha. Hapa mwanzoni unazidisha kwa 3³, yaani 27. Baki la kwanza ni −15x⁴ + 3x² − 9. La pili ni 15795x² + 30375x − 59535. La tatu ni 1254542875143750x − 1654608338437500. La mwisho ni namba tupu yenye tarakimu 35. Maana yake ni kwamba polinomia hizi hazina kigawo cha pamoja chenye x, kwa hiyo KKS ni 1. Umetoka kwenye namba zisizozidi 21, ukapita kwenye tarakimu 35, ili kupata jibu la tarakimu moja. Sasa fikiria polinomia za kipeo cha 200.

Fanya hesabu hiyo hiyo modulo 13, yaani kila namba uibadilishe kwa baki lake ukigawanya kwa 13. Unapata 11x⁴ + 3x² + 4, kisha 4x + 1, kisha 12. Hakuna namba inayozidi 12, na jibu ni lile lile. Tunaliamini kwa sababu 13 haigawi namba za mbele, 1 na 3, kwa hiyo kama polinomia zingekuwa na kigawo cha pamoja kwenye namba kamili, kingeonekana pia modulo 13, na kipeo chake kisingepungua. Ukichagua 3 badala ya 13, namba ya mbele ya polinomia ya pili inafutika, na hoja inabaki ikishikiliwa na ile 1 ya polinomia ya kwanza tu; namba za mbele zikifutika zote mbili, hoja inakuponyoka. Zipo pia namba tasa zinazodanganya kwa upande mwingine: zinaleta kigawo kikubwa kuliko cha kweli. Haziwezi kuleta kidogo kuliko cha kweli mradi namba za mbele zimesalimika. Kwa hiyo katika programu halisi unatumia namba tasa kadhaa, unatupa zile zilizotoa kipeo kikubwa kuliko wenzake, unaunganisha matokeo kwa kanuni ya mabaki ya Kichina, kisha unathibitisha kwa kugawanya kwenye namba kamili. George Collins mwaka 1967 na W. S. Brown mwaka 1971 ndio waliochambua kwa nini namba zinavimba hivyo na namna ya kuzizuia.

Kazi ya mtafiti ina sura hiyo hiyo. Anabuni njia, anathibitisha kwamba ni sahihi, anapima gharama yake kwa muda na kumbukumbu, halafu anaiandika iwe programu inayotumika. Maple na wenzake hawakufuta kazi hii. Wao ndio mazao yake. Bruno Buchberger alileta besi za Gröbner, yaani njia ya kuuandika upya mfumo wa milinganyo ya polinomia bila kubadili majibu yake ili utatulike kwa urahisi, katika tasnifu yake ya mwaka 1965 huko Innsbruck. Njia ya LLL ya kufupisha vekta, iliyofungua mlango wa kuchanganua polinomia kwa haraka ya kutegemewa, ni ya mwaka 1982. Jean-Charles Faugère alitoa njia za haraka za kukokotoa besi hizo, F4 mwaka 1999 na F5 mwaka 2002. Na mipaka nayo imethibitishwa: tangu Daniel Richardson mwaka 1968 tunajua kwamba kwa tungo zinazochanganya sine, kipeo na thamani kamili, hakuna programu itakayoweza kuamua kila mara kama tungo ni sifuri. Ukiona programu imekataa kurahisisha kitu unachokiona wazi, mara nyingine sababu ni hiyo.

Kama unataka kujua kama kazi hii inakufaa, andika KKS ya polinomia kwa Python tupu, bila SymPy. Hifadhi polinomia kama orodha ya namba. Iandike kwa njia zote mbili, na kila hatua ichapishe idadi ya tarakimu za namba kubwa kabisa. Ukijikuta unatafuta mwenyewe namba tasa inayodanganya, hapo ndipo pako. Chukua aljebra dhahania, nadharia ya namba na aljebra ya mistari kwa uzito, na uombe kozi za algoriti na za C katika idara ya kompyuta hata kama si za lazima kwako.

Ninahitaji kompyuta ya aina gani, na leseni za programu ni ghali?
*Msomaji, Nakuru mjini*

Laptopu yenye RAM ya GB 16 inatosha kwa uzamili wote. GB 8 inawezekana kwa subira. Pesa weka kwenye RAM kabla ya kadi ya michoro, ambayo hapa haina kazi. Leseni usinunue. SageMath, Singular, Macaulay2, GAP, PARI/GP, Maxima na SymPy zote ni bure, na makala nyingi za utafiti zinazitegemea. Sage kwenye Windows inapita ndani ya WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, ila ni rahisi zaidi kuweka Linux moja kwa moja. Ipakue ukiwa kwenye mtandao wa chuo, maana ni kubwa na bando za simu zitaisha njiani.

Tasnifu yangu ni ya modeli ya malaria yenye milinganyo sita. Nataka sehemu za msawazo, pale idadi zisipobadilika tena, kwa besi ya Gröbner. Nimeiwasha juzi jioni, mpaka leo haijaisha, na laptopu imeganda. Tatizo ni mashine?
*Mwanafunzi wa uzamili, Kakamega*

Kwa kawaida mashine haina hatia. Katika modeli za magonjwa matatizo hujificha mahali panapojulikana, basi tuyapitie kwa utaratibu.

Kwanza, desimali. Kama kiwango cha vifo umekiandika 0.05, kiandike 1/20. Besi ya Gröbner inauliza kila mara kama namba fulani ni sifuri kamili. Kwa desimali swali hilo halina jibu la kuaminika, na kosa dogo linazaa polinomia mpya zisizostahili kuwepo.

Pili, mpangilio wa viambo. Huenda umeomba mpangilio wa kamusi kwa sababu ndio unaotoa jibu la ngazi. Kweli unapendeza. Kwa x² + y² = 5 na xy = 2 unapata y⁴ − 5y² + 4 = 0 na 2x = 5y − y³, kwa hiyo y ni ±1 au ±2, na x inafuata yenyewe. Lakini kuukokotoa moja kwa moja ndiko kunakoua laptopu. Anza na degrevlex, mpangilio unaotanguliza jumla ya vipeo, kisha ugeuze matokeo kwa FGLM, njia ya mwaka 1993 ambayo kazi yake ni kubadilisha mpangilio bila kuanza upya. Kwenye Singular amri ni stdfglm; kwenye Sage unaandika transformed_basis('fglm'). Sharti lake ni kwamba majibu yawe na idadi yenye kikomo. Kagua kwanza kwa dim(std(J)), J ikiwa jina la mfumo wako wa polinomia: ikitoa 0, endelea. Ikitoa 1 au zaidi, una mkondo mzima wa majibu, na hiyo ni habari kuhusu modeli yako kabla haijawa habari kuhusu kompyuta. Mara nyingi ni mlinganyo mmoja unaotokana na wenzake kwa sababu jumla ya watu haibadiliki.

Tatu, na hapa wengi hawafiki: msawazo usio na ugonjwa unaujua tayari, lakini programu inaubeba mpaka mwisho pamoja na marudio yake. Uondoe. Kama I ni idadi ya walioambukizwa, ongeza herufi mpya t na mlinganyo tI − 1 = 0. Sasa I haiwezi kuwa sifuri, na kinachobaki ni msawazo wa ugonjwa peke yake. Mara kwa mara hesabu iliyokwama usiku kucha inaisha kwa sekunde kwa mstari huo mmoja.

Nne, vigezo. Herufi kama β na μ usiziweke sawa na zile unazozitafuta. Kabla ya chochote zipunguze: gawa makundi yote kwa jumla ya watu, na pima muda kwa kiwango kimojawapo, utapoteza vigezo viwili bila kupoteza maana. Zilizobaki ziweke upande wa namba; kwenye Singular ni ring R = (0,b,m),(x,y,z),dp; na hapo b na m zinahesabiwa kama namba zisizotajwa. Lakini jihadhari sana na matokeo yake. Programu inagawanya kwa tungo za b na m ikidhani si sifuri. Jibu ni sahihi kwa vigezo karibu vyote, isipokuwa pale tungo hizo zinapofutika, na katika modeli za maambukizi pale ndipo mara nyingi palipo na jambo unalolitafuta, kama vile R₀ = 1 (R₀ ni wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja). Tumeona tasnifu zinazodai hitimisho kwenye R₀ = 1 kwa fomula ambayo hapo haifanyi kazi. Pitia kila namba ya mbele na kila kilichogawanywa, kiorodheshe, na kila hali ya kufutika ishughulikie peke yake. Maktaba ya grobcov ya Singular imeandikwa kwa ajili hiyo.

Ukishayafanya hayo na bado inachelewa, endesha hesabu modulo 32003 badala ya namba kamili. Ikiisha haraka modulo 32003 na kuchelewa kwenye namba kamili, ugonjwa ni kule kuvimba kwa namba tulikoeleza juu, na dawa ni modStd, amri ya Singular inayotumia namba tasa kadhaa kama tulivyoeleza. Ikichelewa hata modulo 32003, mfumo wenyewe ni mgumu. Mayr na Meyer walionyesha mwaka 1982 kwamba ipo mifumo ambayo gharama yake inakua kama kipeo juu ya kipeo, na hakuna mashine ya kuishinda. Hapo rudi kwenye modeli, uondoe kwa mkono herufi inayojitokeza kwa kipeo cha kwanza.

Ukifika kwenye polinomia moja ya herufi moja, usiishie kwenye mizizi ya desimali. Unachotaka ni idadi ya mizizi chanya, nayo inapatikana kwa hakika kwa kanuni ya Sturm. Na kuhusu stima: hesabu ndefu iendeshe kwa nohup, amri ya Linux inayoifanya iendelee hata ukifunga dirisha, na uhifadhi matokeo ya kila hatua kwenye faili, maana laptopu yenye betri iliyochoka haitasubiri umeme urudi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, hisabati na fizikia, nimeajiriwa na TSC. Naweza kuwa mtafiti wa fani hii? Muda gani, pesa zitoke wapi, na nitamsoma nani huku magharibi?
*Mwalimu, Bungoma*

Mwalimu, unaweza. Uzamili ni miaka miwili kwenye karatasi: mwaka wa kozi na mwaka wa tasnifu. Uzamifu ni mitatu kwa uchache, na mwenye kazi ya darasani ahesabu zaidi. Shahada ya ualimu huwa na kozi chache za aljebra kuliko shahada ya sayansi, kwa hiyo jipange kusoma makundi, ringi na filidi, miundo mikuu ya aljebra dhahania, kabla ya kuanza. Likizo ya masomo iombe mapema, kabla hujakubali nafasi yenye tarehe.

Msimamizi aliyebobea katika aljebra ya kompyuta ni adimu popote Kenya. Lakini magharibi mwa nchi, Maseno, Masinde Muliro na Kibabii, kuna mazoea ya muda mrefu ya utafiti wa ringi zenye memba wa kikomo na wa makundi. Huo ni mlango wako. Chukua msimamizi wa aljebra hapa, ongeza wa pili wa kompyuta kutoka kwingine, na ufanye GAP, programu ya kukokotoa makundi, kuwa chombo chako cha kila siku. Maktaba yake ya makundi madogo ina kila kundi la ukubwa hadi 2000, isipokuwa 1024. Ukiandika NumberSmallGroups(16) unajibiwa 14. Ukiweka 512 unajibiwa 10494213. Ukubwa huo unakufundisha jambo: kukagua namba tasa p = 2, 3 na 5 kisha kutangaza kanuni ya kila p ni kosa ambalo mtahini wa nje atalikamata dakika ya kwanza. Mifano ya GAP inakupa dhana na inaua dhana mbovu. Uthibitisho bado ni wako.

Kwa pesa, AIMS, mtandao wa taasisi za hisabati barani Afrika, ina vituo Afrika Kusini, Senegali, Ghana, Kameruni na Rwanda, na imekuwa ikigharamia wanafunzi wa uzamili. ICTP ya Trieste, Italia, ina diploma ya hisabati ya mwaka mmoja ambayo inamfaa sana anayehitaji kujaza pengo. DAAD ya Ujerumani imekuwa ikifadhili masomo ndani ya kanda yetu. Wanawake wanaosoma uzamifu watazame OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Shule fupi za CIMPA ni za wiki mbili hivi. Huko ndiko watu wanakopata wasimamizi.

Unapomwandikia msimamizi wa ng'ambo, kwa mfano RISC ya Austria, kituo alichokianzisha Buchberger mwaka 1987, usitume wasifu wa kurasa nne. Tuma ukurasa mmoja: tatizo, ulichojaribu, kiungo cha msimbo wako, na swali moja kuhusu hatua maalumu katika makala yake. Barua ya "naomba nafasi" haijibiwi. Swali zuri hujibiwa. Kurekebisha kasoro ndogo ndani ya SymPy nako kunahesabika, kwa sababu kila mtu anaweza kuusoma msimbo wako na jinsi ulivyojibu wakaguzi.

Kuchapisha: kongamano kuu ni ISSAC, ambalo kwa kawaida hufanyika Julai na kupokea makala mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo uthibitisho na vipimo vyako viwe tayari kufikia Desemba. Lipo jukwaa la mabango kwa kazi changa, na hilo ndilo la kuanzia. CASC, ACA na ICMS pia ni mahali pazuri, ICMS hasa kwa programu. Kwa kazi ndefu kuna Journal of Symbolic Computation, iliyoanza mwaka 1985. Jarida linalokubali makala kwa siku tatu na kudai ada likimbie hata kama tarehe ya kupandishwa cheo imekaribia. Kamati makini inasoma majina ya majarida. Katika kila makala taja toleo la programu, aina ya mashine, RAM, muda, na uweke msimbo wazi. Mkaguzi wa fani hii huwa anaujaribu.

Ngazi zenyewe unazijua: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na bila uzamifu hupandi. Tarajia mzigo mzito wa kufundisha. Kwa hiyo chagua tatizo jembamba unaloweza kuliacha Jumatatu na kulirudia Ijumaa bila kupotea.

Tunatumia STACK kusahihisha mazoezi ya kalkulasi. Wanafunzi wanalalamika kwamba majibu sahihi yanakataliwa, na mengine yasiyo sahihi yanapewa alama zote. Nani ana kosa?
*Mhadhiri, Kisumu*

Kosa liko kwenye kipimo kilichochaguliwa. STACK, ambayo Maseno nao wamekuwa wakiitumia, inakaa ndani ya Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni, na kuipa Maxima, programu ya aljebra, jibu la mwanafunzi ilipime. Kipimo cha kawaida, AlgEquiv, kinauliza tu kama tofauti ya tungo mbili ni sifuri.

Chukua integrali ya sin 2x. Mmoja anaandika −cos(2x)/2 + c, wa pili sin²x + c, wa tatu −cos²x + c. Wote wamepata. Lakini sin²x na −cos(2x)/2 zinatofautiana kwa 1/2, kwa hiyo AlgEquiv inamnyima wa pili alama. Tumia kipimo cha Int: kinafanya difarensiesheni ya jibu, kinalinganisha na swali, na kinakagua kama c imewekwa. Upande wa pili, ukiuliza "chambua x² − 5x + 6 katika vigawo", mwanafunzi akinakili x² − 5x + 6 vile vile, AlgEquiv inampa alama zote kwa kuwa ni tungo ile ile. Hapo unahitaji FacForm.

Kwa maswali yenye namba za bahati nasibu, andika maelezo ya toleo ya kila swali, tengeneza matoleo kabla ya mtihani na uyaangalie kwa macho. Kigawanyo kikitokea kuwa sifuri katika toleo moja, mwanafunzi atakayelipata hana la kufanya. Na kila swali liwe na majaribio yake ndani ya STACK: jibu sahihi kwa sura tatu tofauti, kosa la alama ya kutoa, kosa la kusahau c, na nakala ya swali lenyewe. Makosa mapya yatakayotoka kwenye majibu ya wanafunzi yaongeze kwenye mti wa majibu, kila moja na maelezo yake. Yakusanye pia kwa utaratibu, baada ya kupata idhini ya maadili ya chuo, kwa sababu kumtambulisha mwanafunzi kosa lake kutoka kwenye tungo aliyoandika ni tatizo la utafiti ambalo bado liko wazi, na data yake mnayo tayari darasani.